Kisaidizi cha Rejista na Chaguo Lisilokuwepo

Ndani ya msimbo wa kerneli ya Linux kuna faili liitwalo r8169_main.c. Hilo ndilo moyo wa draiva ya chipu za mtandao za kampuni ya Realtek ya Taiwan, ukoo wa RTL8169, RTL8168 na RTL8111, ambazo zimo kwenye ubao mama wa kompyuta nyingi za mezani na za kupakata. Faili lina mistari zaidi ya 5,000, na ukilifungua popote pale hukosi kukuta mstari ambao kazi yake yote ni kuandika namba fulani mahali fulani ndani ya chipu, au kuisoma namba iliyopo. Mahali hapo ndipo panapoitwa rejista. Kwa kuwa shughuli hiyo hurudiwa mara nyingi mno, waandishi wa draiva huitengenezea visaidizi, yaani vifungu vifupi vya msimbo vyenye majina, vinavyopokea vigezo vichache na kuimaliza kazi kwa niaba ya anayeviita. Kila baada ya muda hujitokeza mtu na kiraka, yaani pendekezo la kubadilisha msimbo, kinachosema kwamba kimerahisisha visaidizi hivyo, na watu wengi hukiona kama jambo la urembo tu: mistari imepungua, macho yamepumzika, basi. Mimi naona urembo ndiyo sehemu ndogo kabisa ya habari yenyewe. Kisaidizi kimerahisishwa kweli pale kinapomwondolea msomaji chaguo ambalo halipo, na wakati huohuo kinapomwachia mbele ya macho tofauti ambayo ipo. La kwanza hufanywa na wengi. La pili husahauliwa, na huko ndiko hasara inakotoka.

Ili hoja hiyo ieleweke, lazima kwanza tukubaliane kwamba rejista si kumbukumbu, ingawa prosesa huifikia kwa anwani kama inavyoifikia kumbukumbu. Kumbukumbu ni rafu: unachoweka leo ndicho utakachokikuta kesho, na kukitazama hakukibadilishi. Rejista ni dirisha la karani, na kila unaposogea dirishani kuna jambo hutendeka upande wa pili. Katika kadi za Intel za ukoo wa e1000, kuisoma rejista inayoeleza sababu za kukatizwa kwa prosesa kunaifuta. Ukiisoma mara mbili, mara ya pili hukuti kitu. Katika chipu za Realtek, rejista yenye kazi hiyohiyo haifutwi kwa kusomwa, bali kwa kuandikiwa 1 kwenye biti husika. Kuna rejista ambazo ukiziandikia chipu huanza kutuma pakiti, na kuna nyingine ambazo kuziandikia vibaya huharibu kifaa moja kwa moja.

Hilo la mwisho si la kufikirika. Mwaka 2008, waliokuwa wakijaribu matoleo ya awali ya Linux 2.6.27 walianza kuona kadi za Intel zinazoendeshwa na draiva ya e1000e zikifa. Kumbukumbu ya kudumu ndani ya kadi, ile inayohifadhi mipangilio yake, ilikuwa imejaa takataka. Draiva ndiyo iliyoshukiwa kwanza, ikachunguzwa kwa wiki kadhaa, kumbe haikuwa na hatia. Mhalifu alikuwa ftrace, chombo cha kufuatilia mwenendo wa kerneli, kilichokuwa kimehifadhi orodha ya anwani za maagizo ambayo kingekuja kuyabadilisha. Baadhi ya anwani hizo zilikuwa za msimbo wa kuanzishia moduli, msimbo ambao hutupwa ukishatumika. Anwani zilezile zikagawiwa upya, safari hii kwa ile kumbukumbu ya kadi ya Intel. Chombo kilipokwenda kulinganisha kilichopo na kinachotarajiwa, kilitumia agizo la prosesa la kulinganisha na kubadilisha, ambalo halina madhara likikuta kumbukumbu ya kawaida isiyolingana. Kwenye anwani ya kifaa, agizo hilo huandika, iwe vimelingana au havikulingana. Sehemu hiyo ya ftrace ikazimwa katika toleo la 2.6.27.1. Ninachokitoa katika kisa hiki ni kimoja: anayedhani kwamba kugusa anwani ya kifaa ni sawa na kugusa kigeu cha kawaida amekosea tangu mwanzo, na hakuna ukaguzi wa baadaye utakaomwokoa.

Ndiyo maana kerneli ina safu ya chini ya visaidizi ambavyo draiva hutarajiwa kuvitumia: readb, readw na readl kwa kusoma biti 8, 16 na 32, na wenzao writeb, writew na writel kwa kuandika. Kwa nje vinaonekana havina kitu. Kwa ndani vinaizuia kompaila isiifute wala kuirudia amri inayodhani haina maana, vinahifadhi utaratibu wa amri kwenye prosesa zenye tabia ya kuzipangua, na vinageuza mpangilio wa baiti pale ambapo prosesa huanza na baiti kubwa ilhali kifaa cha PCI huanza na ndogo. Mwandishi wa draiva hayaoni hayo yote, wala hana haja ya kuyaona, maana hana la kuchagua hapo. Safu hiyo ya chini ni mfano wa kurahisisha kulikofanikiwa kiasi kwamba hakuna anayekumbuka kukusifia.

Matatizo huanza safu moja juu, pale kila draiva inapojitungia vya kwake. Kwa miaka mingi draiva ya r8169 ilikuwa na makro iitwayo RTL_W8, iliyopokea vigezo viwili: jina la rejista na thamani ya kuandika. Kwa haraka inapendeza, kwani vigezo viwili ni vichache kuliko vitatu. Lakini chipu huwa na anwani yake ya msingi kwenye kumbukumbu, na makro haikuipokea popote. Iliipata wapi? Ilitegemea kwamba kila fanksheni inayoitumia itakuwa na kigeu cha ndani chenye jina ioaddr, herufi kwa herufi. Matokeo yake, fanksheni baada ya fanksheni ilianza kwa mstari uleule wa kutangaza kigeu hicho, na msomaji aliyekutana nacho alidhani kimewekwa bure, kwa sababu hakikuonekana kutumika mahali popote chini yake. Mwaka 2018 makro zilibadilishwa zikaanza kupokea kigezo cha tatu, kile kinachoiwakilisha kadi yenyewe, na anwani ya msingi ikawa inachukuliwa hapohapo inapohitajika. Idadi ya vigezo iliongezeka, na bado hiyo inastahili kuitwa kurahisisha, kwa haki kabisa. Draiva ya Intel ya e1000e hadi leo ina makro za er32 na ew32 zinazotegemea kigeu cha ndani kiitwacho hw kwa mtindo uleule wa kale. Inafanya kazi, sikatai. Lakini mtu anayeipima kwa wingi wa vigezo ataipa alama za juu kuliko ile ya Realtek, na kipimo chake kitakuwa kimemdanganya.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa rejista zisizofikiwa moja kwa moja. Chipu za Realtek zina kundi la rejista za ndani liitwalo ERI, ambalo haliko kwenye anwani za kawaida. Ili kuandika humo, unaweka thamani kwenye rejista ya data iliyopo 0x70, kisha unaweka kwenye 0x74 amri inayobeba anwani ya ndani, aina ya kundi, na kinyago kinachosema ni baiti zipi kati ya nne zinazohusika, pamoja na biti ya juu kabisa inayosema kwamba hii ni amri ya kuandika. Halafu unasubiri biti hiyo izimike, ndipo ujue kazi imeisha. Kusoma hufuata njia hiyohiyo, ila amri hutolewa biti ikiwa imezimwa, na husubiriwa iwake. Kisaidizi cha zamani cha kubadilisha biti chache kwenye rejista za namna hiyo kilikuwa na vigezo sita: kadi, anwani, kinyago cha baiti, biti za kuwasha, biti za kuzima, na aina ya kundi. Mistari hii miwili ilijirudia katika fanksheni nyingi za kuanzisha matoleo mbalimbali ya chipu:

rtl_w0w1_eri(tp, 0xdc, ERIAR_MASK_0001, 0x00, 0x01, ERIAR_EXGMAC);
rtl_w0w1_eri(tp, 0xdc, ERIAR_MASK_0001, 0x01, 0x00, ERIAR_EXGMAC);

Soma mistari hiyo polepole. Wa kwanza unazima biti ya chini kabisa kwenye anwani 0xdc. Wa pili unaiwasha. Kwa pamoja inauanzisha upya mchujo wa pakiti ndani ya chipu, jambo ambalo jina lake halikuandikwa popote. Aina ya kundi, kile kigezo cha mwisho, ilikuwa EXGMAC karibu kila mahali katika faili zima. Kinyago cha baiti, kwa kazi ya kuwasha na kuzima biti, hakikuwa na umuhimu wowote: kama unasoma biti 32, unabadilisha moja na kurudisha 31 kama zilivyokuwa, hakuna sababu ya kumlazimisha mwitaji atamke kwamba anashughulika na baiti ya kwanza tu. Kwa hiyo, viraka vilivyofuata vikaanza kupunguza. Aina ya kundi ikaondolewa kwenye kisaidizi cha nje, kinyago kikaondolewa kwenye kubadilisha, vikazaliwa visaidizi viwili vyenye majina yanayosema kazi yao, rtl_eri_set_bits na rtl_eri_clear_bits, na ile mistari miwili ikakusanywa kwenye fanksheni moja iitwayo rtl_reset_packet_filter. Sasa anayesoma utaratibu wa kuanzisha chipu anaona kinachofanyika bila kuchambua namba.

Jambo ambalo viraka hivyo havikufanya ndilo linalonivutia zaidi. Aina ya kundi haikufutwa kabisa. Imebaki ndani, kwenye fanksheni ya chini inayoanza na mstari-chini, kwa sababu kuna mahali pachache ambapo aina nyingine inahitajika: kwenye usimamizi wa mbali wa kompyuta, ule ambao Realtek huuita DASH, baadhi ya chipu hufikiwa kwa aina iitwayo OOB. Kinyago nacho kimebaki kwenye kuandika, kwa kuwa kuna rejista zinazoandikiwa baiti moja au mbili bila kusomwa kwanza, na hapo kinyago kina kazi. Mtu mwenye pupa angeviondoa vyote, kisha angekuja kuvirudisha kwa njia ya uchochoroni. Mwenye woga angeviacha vyote. Waliofanya kazi hii waliuliza, kwa kila kigezo, kama kuna mwitaji hata mmoja anayekibadilisha, na jibu la swali hilo hupatikana kwa kuhesabu wito wote ndani ya faili, wala halihitaji mabishano.

Hata hivyo kazi haijakamilika, na kuna kasoro moja ambayo ningependa ishughulikiwe kabla ya nyingine zote. Katika faili hilohilo kuna visaidizi viwili vya kubadilisha biti vyenye mpangilio wa vigezo unaopingana. Kile cha ERI hupokea kwanza biti za kuwasha, kisha za kuzima. Kile cha kundi jingine la rejista za ndani, r8168_mac_ocp_modify, hupokea kwanza biti za kuzima, kisha za kuwasha, kama ilivyo desturi ya sehemu kubwa ya kerneli. Vigezo vyote ni namba za kawaida, hivyo kompaila haiwezi kulalamika ukivibadilisha nafasi. Chukua rejista yenye thamani 0x1f35, na tuseme unataka kuifuta baiti ya pili na kuweka 0x0c mahali pake. Unazima 0xff00, unawasha 0x0c00, unapata 0x0c35. Ukivigeuza vigezo kwa bahati mbaya, utakuwa unazima 0x0c00 na kuwasha 0xff00, na utapata 0xff35. Hakuna onyo litakalotoka, na kadi huenda ikaendelea kufanya kazi kwa namna fulani, labda ikasinzia pasipotakiwa au ikala umeme zaidi. Mtu atatafuta kosa hilo kwa siku nyingi. Kusema kwamba mwandishi mzuri ataangalia tangazo la fanksheni kabla ya kuiita ni kuhubiri tu. Mpangilio ukiwa mmoja, uangalifu huo hauhitajiki, na visaidizi vyenye kigezo kimoja cha biti, kama hivyo vya kuwasha tu na kuzima tu, huiondoa hatari yenyewe mzizini.

Wapo wanaopinga kazi ya aina hii, na hoja zao si za kubeza. Ya kwanza ni ya kasi: kila tabaka la visaidizi, wanasema, ni wito mwingine wa fanksheni, na mtandao hauna muda wa kupoteza. Tuiweke hoja hiyo kwenye mizani ya namba. Fremu ndogo kabisa ya Ethernet ni baiti 64, na ukiongeza baiti 8 za utangulizi na nafasi ya baiti 12 kati ya fremu na fremu unapata baiti 84, yaani biti 672. Kwa kasi ya gigabiti moja kwa sekunde, fremu hiyo huchukua nanosekunde 672. Wito wa fanksheni kwenye prosesa ya leo ni nanosekunde chache, na visaidizi vifupi mara nyingi haviitwi kabisa, kwani kompaila huvichomeka mahali pake. Kusoma rejista moja kupitia njia ya PCI Express, kwa upande mwingine, huchukua mamia ya nanosekunde, wakati mwingine hata mikrosekunde nzima, na muda wote huo prosesa imesimama ikisubiri jibu. Kwa maneno mengine, kusoma mara moja tu kunaweza kukugharimu pakiti nzima. Ndiyo sababu draiva zote za kisasa huweka orodha za pakiti kwenye kumbukumbu ya kawaida, ambako chipu hujisomea yenyewe, na rejista huguswa kwa uchache, hasa kuiarifu chipu kwamba kuna kazi mpya. Kwa hiyo anayejali kasi asiuogope wito wa kisaidizi, aogope kisaidizi kinachosoma kimyakimya.

Hapo ndipo upande wa pili wa hoja yangu unapoingia, ule wa kutoificha tofauti iliyopo. RTL_R32 ni usomaji mmoja. rtl_eri_read ni uandishi mmoja, kisha usomaji unaorudiwa hadi mara 100, kila mara kukiwa na subira ya mikrosekunde 100, yaani hadi milisekunde 10 endapo chipu imekwama. Kwenye ukurasa, wito wa vyote viwili unafanana: jina, kadi, namba. Kurahisisha kwa namna ya kuvifanya vifanane zaidi, mathalani kuwa na fanksheni moja ya kusoma rejista yoyote ya kundi lolote, kungependeza kwa macho na kungekuwa mtego kwa mtu anayeandika msimbo wa kushughulikia ukatizaji, ambako milisekunde 10 ni kama milele. Naunga mkono majina tofauti kwa gharama tofauti, hata kama majina hayo ni mabaya masikioni. Kwa sababu hiyohiyo siwezi kukubaliana na wanaotaka kila draiva ihamie kwenye regmap, ile maktaba ya pamoja ya rejista iliyoingia kerneli mwaka 2011 katika toleo la 3.1. Kwa vifaa vinavyofikiwa kwa waya wa polepole, kama chipu za swichi zinazosemeshwa kwa I2C, SPI au MDIO, regmap ni neema: ina mpangilio mmoja wa vigezo, ina kufuli, hurudisha makosa, na inaweza kukumbuka thamani zilizokwisha kuandikwa. Kwa rejista inayoguswa kila pakiti kwenye kadi ya PCI Express, kufuli hilo ni mzigo ambao hakuna aliyeuomba.

Kufuli, hata hivyo, linatupa pia ushahidi wa upande wa kuficha. Mwaka 2023 ilihitajika, katika draiva ya r8169, rejista za kundi la OCP, lile la r8168_mac_ocp_modify, ziweze kuguswa na sehemu mbili za msimbo kwa wakati mmoja, kwa ajili ya kusimamia hali ya kuokoa umeme wakati pakiti zinapopokelewa. Kusoma, kubadilisha na kurudisha ni hatua tatu, na mwingine akipenya katikati, kazi ya mmoja hupotea. Kwa kuwa wito wote ulikwisha kupitia visaidizi vichache, kufuli liliwekwa ndani ya visaidizi hivyo, na mistari inayoviita haikuguswa. Intel nao walinufaika vivyo hivyo: kwenye baadhi ya chipu zao ilibainika kwamba programu ya usimamizi iliyomo ndani ya chipu inaweza kugusa rejista wakati uleule na prosesa, na maandishi yakapotea. Dawa, yaani kutazama biti fulani na kusubiri kwa vipindi vya mikrosekunde 50 kabla ya kuandika, iliingia ndani ya kisaidizi cha kuandika na kuwashwa kwa chipu zinazohusika tu. Draiva ya igb nayo hutumia kisaidizi chake cha kusoma kugundua kadi iliyochomolewa: rejista ya kifaa kisichokuwepo husomeka ikiwa na biti zote 32 zimewashwa, na kisaidizi kikikuta hivyo huihakiki hali hiyo kwenye rejista nyingine kabla ya kutangaza kwamba kifaa kimepotea. Mambo hayo matatu ni ya ndani ya draiva na chipu. Mwitaji hakuwa na uamuzi wowote wa kufanya juu yake, kwa hiyo kumfichia ni kumtendea haki.

Hoja ya pili ya wapinzani ni ya busara zaidi: usiache mbachao kwa msala upitao. Draiva inayofanya kazi kwenye mamilioni ya mashine isiguswe kwa ajili ya kupendeza, wanasema, kwa sababu hakuna mtu mwenye matoleo yote ya chipu ya kujaribia, na kila mabadiliko ya umbo hufanya marekebisho ya baadaye yawe magumu kurudishwa kwenye kerneli za zamani ambazo makampuni bado yanazitegemea. Hili la kurudisha nyuma ni kweli, na halina jibu la bure. Mtunzaji wa tawi la zamani hulipa gharama hiyo kwa jasho lake. La kujaribia lina jibu. Mabadiliko yanayogusa umbo pekee, kama kuondoa kigezo ambacho siku zote kina thamani moja, yanaweza kuthibitishwa bila chipu: unaupitisha msimbo kwenye kompaila kabla na baada, kisha unalinganisha maagizo ya prosesa yaliyotoka. Yakiwa yaleyale, hakuna chipu duniani itakayoona tofauti. Kipo pia Coccinelle, chombo kilichotengenezwa na watafiti wa Ufaransa na Denmark, ambacho hukuruhusu kuandika kanuni ya mabadiliko mara moja na kuitekeleza kwenye kila wito, badala ya kutegemea mkono na jicho la mtu aliyechoka. Kinachohitaji chipu ni mabadiliko ya tabia, na hayo hayapaswi kuchanganywa kwenye kiraka kimoja na ya umbo. Nikiona kiraka kinachoondoa kigezo na papo hapo kubadilisha muda wa kusubiri, nitakikataa bila kukisoma hadi mwisho.

Limebaki jambo ambalo kurahisisha kwa namna iliyozoeleka kumelifunika badala ya kulitibu. Kisaidizi cha kusoma ERI, muda wa kusubiri ukiisha bila jibu, hurudisha namba yenye biti zote 32 zimewashwa. Onyo huandikwa kwenye logi ya kerneli, lakini mwitaji hapati ishara nyingine. Sasa fikiria kisaidizi cha kubadilisha biti, kile kilichosafishwa vizuri: kinasoma, kinazima biti chache, kinawasha chache, kinarudisha. Kama usomaji umeshindikana, kitachukua ile namba iliyojaa 1, kitaigusa biti moja, na kuirudisha kwenye chipu kana kwamba ni thamani halali. Mistari miwili mifupi na safi, na ndani yake kuna uwezekano wa kuandika upotofu kwenye biti 31 ambazo hakuna aliyekusudia kuzigusa. Najua utetezi wake: chipu iliyokwama kiasi hicho haina cha kupoteza, na kumlazimisha kila mwitaji akague kosa katika utaratibu wa kuanzisha wenye wito makumi kungeujaza msimbo masharti ambayo watu wangeyaandika bila kuyafikiria. Nakubali sehemu ya pili. Sikubali ya kwanza, kwa sababu kukwama kunaweza kuwa kwa muda, hasa chipu inapotoka usingizini. Dawa nafuu ipo na haimgusi mwitaji hata mmoja: kisaidizi cha kubadilisha kiache kuandika pale usomaji wake uliposhindikana. Ni sharti moja, mahali pamoja.

Mwenye nia ya kuanza kushiriki kwenye kerneli hahitaji maabara kwa kazi kama hiyo. Andika dmesg kwenye kompyuta yako yenye Linux na chipu ya Realtek, tafuta neno r8169, na utaona jina la chipu yako pamoja na namba ya XID. Kwa mfano, RTL8168h hujitambulisha kwa 541. Fanya badiliko moja kwa kiraka kimoja, linganisha maagizo yaliyotoka kama umegusa umbo tu, na kama umegusa tabia, eleza XID ya kadi uliyoijaribia na ulichokiona. Wakaguzi wataanza kwa kuuliza hilo.